Kamba Ikishapita Mkononi
Barua ya wazi kwa makomisionere, komite za masoko ya mifugo, mashefu wa vijiji na miradi inayogawa wanyama

Nyantende, wilaya ya Kabare

Wazee wetu bashamuka, ndugu makomisionere, wakubwa wa komite za masoko, mashefu wetu, na ninyi mnaotuletea miradi ya mbuzi na nguruwe,



Ninawaandikia juu ya jibu moja ambalo karibu kila mtu wa huku aliyenunua mnyama akajuta ameshalipata: kamba ilishapita mkononi. Umenunua ng'ombe siku ya soko, siku tano hazijaisha amelala hainuki. Unarudi kwa komisionere, yule dalali wa soko aliyekuwa akikuita ndugu yangu, naye anakuangalia kama mtu aliyepotea njia. Kamba ilishapita. Ungemwangalia vizuri. Mnyama ni kitu cha Mungu. Basi unapanda kurudi nyumbani kutafuta vijana wa kumchinja kabla hajafa mwenyewe, ili angalau upate makuta kidogo ya nyama.

Watu wamezoea jibu hilo hadi wanalichukua kuwa sheria. Wengine hawarudi hata kuuliza. Wanalia na majirani, wanamtaja mchawi, na jambo linaishia hapo. Nia ya barua hii ni kuonyesha kwamba jibu hilo si sheria ya Kongo, halifanani na desturi zetu za mahari, na halimsaidii hata muuzaji mwaminifu. Tena ninataka kuonyesha ni nani hasa anayefaa kujibu, maana mara nyingi si yule tunayemkasirikia.

Nianze na kitu ambacho ninyi mnakijua lakini msomaji wa mbali hakijui. Nyantende ni mwendo mdogo kutoka Panzi, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Nyangezi, Kamanyola na Uvira. Mashamba ni madogo, yamebanana: migomba, mihogo, maharage, na majani ya tripsakumu kwenye kingo za kuzuia mmomonyoko, ambayo ndiyo chakula cha ng'ombe anayefungwa nyumbani. Hakuna anayefuga kwa starehe. Ng'ombe mmoja ni mbolea ya migomba, maziwa ya mtoto, mahari ya kijana, minervali ya shule ya mwaka na bili ya hospitali kwa pamoja. Vita vya tangu 1996 vilikomba makundi mazima huku Bushi, nchi yetu sisi Washi, na ndiyo sababu mojawapo familia nyingi zilikimbilia kobaye: mnyama anayefichika chini ya kitanda na ambaye mwenye bunduki hajali kumbeba. Na tangu Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu na benki kufunga milango, hata aliyekuwa akiweka dola zake mjini amejifunza tena kuziweka kwenye miguu minne. Kwa hiyo anayemuuzia jirani mnyama mbovu anamfutia akiba yake yote.

Sasa sheria. Mauzo kati ya watu katika Kongo yanasimamiwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ile ambayo maavoka wanaiita Kitabu cha Tatu cha sheria za kiraia. Ilitungwa enzi za Leopold wa Pili, nchi hii ilipokuwa kama shamba la mtu mmoja, na sidhani kuna aliyeketi Brussels akimfikiria Mushi na mbuzi wake. Walinakili tu fikra za sheria ya Napoleon ya 1804, nayo ilikuwa imezichota kwa Waroma, ambao wakubwa wao wa soko walimlazimisha muuza mnyama kutangaza ugonjwa na kasoro. Akificha, mnunuzi alikuwa na miezi 6 ya kumrudisha mnyama. Lakini sheria ikishakuwa sheria, mnyonge ana haki ya kuishika hata kama iliandikwa na mkono usiompenda.

Inasema hivi, kwa maneno yangu. Muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichika ambayo inamfanya mnyama asifae kazi aliyonunuliwa, au inayopunguza manufaa yake kiasi kwamba mnunuzi angeijua asingenunua, au angetoa bei ndogo. Anajibu hata kama mwenyewe hakuijua, isipokuwa kama walipatana wazi kwamba hakuna dhamana. Mnunuzi anachagua: arudishe mnyama apewe bei yake, au abaki naye arudishiwe sehemu ya bei, kadiri wajuzi watakavyopima. Kama muuzaji alijua akanyamaza, anarudisha bei na kulipa pia hasara zilizofuata. Na mnyama akifa kwa ile kasoro yenyewe, hasara ni ya muuzaji. Akifa kwa ajali, kapigwa radi au kaanguka bondeni, hasara ni ya mnunuzi.

Tafadhali someni tena hapo kwenye kifo. Kwenye masoko yetu mnyama akifa ndipo mazungumzo yanapofungwa kabisa. Katika sheria, kifo ndicho kinachofungua swali: alikufa kwa nini, na sababu hiyo ilikuwemo mwilini siku ya mauzo?

Sheria hiyo hiyo haimbembelezi mnunuzi. Kasoro ambayo macho yangeweza kuiona ni juu yake. Aliyenunua ng'ombe kilema, akamwona anachechemea, akamchukua kwa bei ya kilema, asirudi kesho na malalamiko. Na anayetaka kushitaki asikawie. Sheria haimpi muda mrefu. Wapo pia watakaoniambia kwamba Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na kwamba kuna sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Ni kweli. Lakini kanuni za mauzo za OHADA ni za wafanyabiashara kati yao, na mama anayenunua mbuzi wa kufuga nyumbani hayumo. Kwake yeye, karatasi ile ya 1888 ndiyo ngao.

Msidhani haya ni mambo ya wazungu tu. Watu wanapopeleka ng'ombe wa mahari, upande wa binti haupokei kamba hivi hivi. Wanatumwa wazee wanaojua. Wanamzunguka mnyama, wanamgusa, wanamtembeza, wanauliza amezaa mara ngapi, na wakiona hafai wanasema bila haya: huyu mbadilisheni. Hakuna mkwe anayejibiwa kwamba kamba ilishapita. Sasa nielezeni, wazee wangu, kwa nini heshima tunayompa mkwe hatumpi mjane aliyekuja sokoni na dola zilizofungwa kwenye kitambaa.

Na ndugu zetu Waislamu wa Bukavu wana fundisho ambalo ningependa libandikwe kwenye kila soko la ng'ombe wa maziwa. Mtume aliwakataza watu kuacha kumkamua mnyama siku kadhaa kabla ya kumuuza ili kiwele kijae. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa siku tatu: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokamua. Angalieni jinsi hukumu hiyo ilivyo ya mtu anayejua mifugo. Siku tatu ndizo zinazotosha kiwele kusema ukweli. Na mnunuzi naye analipia alichokunywa. Hila hiyo ya karne nyingi bado iko hai kwetu: ng'ombe anafika sokoni kiwele kimevimba kama mtungi, ndama wake amefungwa nyumbani tangu jana, na komisionere anakipiga kofi kidogo akisema, huyu ni lita nane.

Tugawe basi ugomvi wetu, kwa sababu si wote unafanana.

Kuna ugomvi wa maneno. Ana mimba ya miezi mitano. Ni krwaze, damu ya kizungu. Ana miaka mitatu. Haya yanaweza kupimwa papo hapo, na aibu ni kwetu kwamba hatuyapimi. Umri wa ng'ombe uko mdomoni: meno mawili ya mbele ya kudumu hutoka karibu na miaka miwili, na mdomo hujaa mnamo mwaka wa nne au wa tano. Mimba, daktari wa mifugo aliyezoea anaweza kuishika kwa mkono kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Nguruwe akifunguliwa mdomo na ulimi ukavutwa, vipunje vyeupe chini yake vinaonyesha ana tegu nyamani. Wanunuzi wa nguruwe wanalijua hilo bila kusoma shule, ijapokuwa ulimi safi si hakikisho. Lakini pale muuzaji aliposema mimba akijua haipo, huo ni udanganyifu, na dekreti ya 1888 inauhesabu udanganyifu kuwa sababu ya kuvunja mapatano. Ndugu mnunuzi, useme nawe unamtakia mnyama kazi gani, useme mbele ya watu. Huko Kenya sheria yao ya mauzo ya bidhaa inamlinda hasa yule aliyemwambia mfanyabiashara kazi anayoitakia bidhaa. Kwetu hata kama haijaandikwa hivyo, mashahidi wawili waliosikia "ninataka dume la kupandisha" wana uzito kuliko kilio cha baadaye kwamba dume halipandi.

Kuna ugomvi wa mali ya mtu. Ng'ombe aliyeporwa au kuibwa usiku huuzwa haraka, mbali na alikotoka, kwa bei inayochekesha. Mwezi unaofuata mwenyewe anamtambua kwa alama ya sikio, na mnunuzi anapoteza mnyama na pesa, wakati mwingine analala pia kwenye kashoo ya polisi. Muuzaji anadaiwa dhamana hapo pia: anayekuuzia lazima akuhakikishie kwamba hakuna mwingine atakayekuja kukunyang'anya. Lakini utamdai nani kama hukumjua jina?

Halafu kuna ugomvi wa ugonjwa. Huu ndio mzito, na hapa nitakaa kidogo.

Ndigana kali, ambayo madaktari wetu wa mifugo wanaiita teileriozi, inaletwa na kupe. Kuanzia kupe anaposhika mpaka homa inapoonekana hupita wiki moja, mbili, hata tatu. Maana yake, mnyama anaweza kusimama sokoni anang'aa, anakula, anatembea, na kifo chake kiko tayari ndani ya damu. Muuzaji anaweza asijue kweli. Tena inategemea alikokulia: ng'ombe aliyezaliwa penye kupe wengi akapona utotoni ana kinga, na aliyetoka juu kwenye baridi, penye kupe wachache, akiteremshwa kwenye joto la bonde la Ruzizi anakufa kama mgeni. Wanyama wanaouzwa huku wanatoka pande nyingi: wengine wamepanda mteremko wa Ngomo kutoka Kamanyola, wengine wameshuka kutoka milima ya juu, wengine wamevuka ziwa. Swali la kwanza la mnunuzi lingekuwa mnyama amekulia wapi. Nimesimama masokoni mara nyingi. Linaulizwa mara chache sana, na likiulizwa komisionere anajibu "hapa hapa".

Ng'ombe anayetupa mimba kwa sababu ya brucella ni shida nyingine. Siku ya mauzo haonyeshi kitu. Ni kipimo cha damu tu kinachoweza kumsema, na maziwa yake mabichi yanaweza kumwambukiza mtoto homa isiyoisha. Hapa Bukavu hatukosi watu wa kupima: Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika kiko Panzi, Chuo Kikuu cha Kikatoliki kinafundisha kilimo na ufugaji, na kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kiko Mulungu. Tumezungukwa na wasomi wa mifugo na bado tunanunua kwa kupiga mgongo wa mnyama na kukisia.

Na nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa. Ikisikika kwamba imeingia kijiji fulani, wenye nguruwe wa kijiji hicho wanakimbiza wanyama wao sokoni kabla hawajafa, kwa bei ya kutupa, na anayefurahia bei hiyo anaibeba homa mpaka kwenye mlima wake. Ndani ya siku chache mabanda ya majirani wasiohusika kabisa na mauzo yale yanabaki matupu. Huyu muuzaji anayejua na kunyamaza amemdhulumu mtu mmoja kwa mkono na kijiji kizima kwa ugonjwa.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na dekreti. Kurudisha redio mbovu dukani hakumdhuru mtu. Kurudisha nguruwe mwenye homa ni kuupitisha ugonjwa njia ile ile mara ya pili, na kumrudisha sokoni ni vibaya zaidi. Mbuzi mwenye sotoka vivyo hivyo, kuku mwenye kideri vivyo hivyo. Kwa mnyama mgonjwa, ninasema mnyama abaki alipo na pesa ndiyo zitembee. Atengwe, daktari wa mifugo aje amwone hapo hapo alipofungwa, aandike alichokiona, na bei irudi yote au nusu kulingana na maandishi hayo. Kumrudisha kwa miguu tuwaachie wale wasio na ugonjwa: asiye na mimba, asiye na maziwa, anayepiga mateke, dume lisilopanda.

Sasa, wafugaji wenzangu, nanyi mna deni katika jambo hili. Tunakula ushahidi wetu wenyewe. Mnyama akianza kuhema vibaya, kisu kinatangulia kabla ya daktari. Jioni nyama imegawanywa kwa mkopo kijiji kizima, ngozi imeuzwa, utumbo wameula mbwa, na kesho yake tunakwenda kwa shefu kusema tuliuziwa mgonjwa. Ni kipi kitakachoonyesha? Daktari angeona tezi zilizovimba chini ya sikio, angeona mapafu yaliyojaa povu, angesema hii ni ndigana na ilianza kabla ya siku ya soko. Angalau muiteni kabla ya kuchinja, na mbele ya mtu mmoja wa komite. Na kama mnyama amekufa ghafla, damu inatoka puani na haigandi, msimfungue kabisa: hicho chaweza kuwa kimeta, nacho kinaua watu. Ninajua daktari anagharimu. Anagharimu kidogo kuliko ng'ombe.

Nirudi kwenu makomisionere, maana ninyi ndio hasa mlionifanya niandike.

Muuzaji mara nyingi ni maskini kama mnunuzi. Amemuuza mnyama kwa sababu mtoto amelazwa, na kabla jua halijatua pesa zimeshaingia hospitalini. Ukimfuata baada ya wiki mbili hana hata franga ya kukurudishia, na kumweka kashoo hakumfufui ng'ombe. Mnunuzi ni mgeni wa jambo; hununua mara moja kwa miaka kadhaa. Ninyi mko pale kila soko. Mnajua ng'ombe yupi amezunguka masoko matatu bila mnunuzi na kwa nini. Mnajua nani huleta wanyama wa usiku. Mnapokea mkono huu na mkono ule kwa kila kichwa kinachouzwa. Kisha jambo likiharibika mnasema mlikuwa mnapita tu. Hapana, ndugu zangu. Anayekula kwenye mauzo yote awe na jina kwenye mauzo yote.

Ninachoomba kwa komite za masoko hakihitaji mradi wala semina. Kila soko liwe na daftari lenye karboni. Kwa kila ng'ombe, na kwa mbuzi au nguruwe wa kufuga, yaandikwe jina na kijiji cha muuzaji, cha mnunuzi na cha komisionere, alama na rangi ya mnyama, bei, na yale maneno yaliyosemwa: ana mimba, anakamuliwa, ni dume la kupandisha, amekulia mahali fulani. Kopi moja kwa mnunuzi. Wa kuchinja kesho yake hahitaji haya. Mwacheni aende kwenye abatwari na ukaguzi wa nyama.

Pili, muda. Ningependa siku 3 kwa maziwa na tabia, siku 21 kwa ugonjwa. Mimba iamuliwe na mkono wa daktari kabla ya malipo, au isitajwe kabisa. Mnaweza kunipunguzia siku. Wajuzi wakisema 14 zinatosha kwa mbuzi nitanyamaza. Lakini uwepo muda unaojulikana, kwa faida ya muuzaji pia. Mwenye kuuza mnyama mzima leo analalamikiwa hata baada ya miezi minne, na mnunuzi aliyemlaza ng'ombe wake njaa kiangazi kizima anataka kumtupia mwingine mzigo. Siku zikipita, zimepita, na hapo ndipo ninapokubali kwamba kamba imepita mkononi.

Tatu, na hapa nitachukiwa: sehemu ya bei isitoke siku hiyo. Moja ya kumi ibaki kwa mtu wa tatu ambaye pande zote zinamwamini, na ujira wa komisionere ubaki hapo hapo pamoja nayo mpaka muda uishe. Muuzaji mwenye mgonjwa hospitalini bado anaondoka na sehemu tisa kati ya kumi. Na komisionere mwenye ujira wake kwenye sanduku ataanza ghafla kuwa na macho makali ya kumtambua ng'ombe mgonjwa.

Kwa ninyi wa miradi, neno ni fupi lakini lichukueni. Mnatangaza zabuni, furniseri anashinda, anakusanya mbuzi 200 kutoka masoko yote kwa siku tatu, anawasukuma kwenye lori, mnawagawa chini ya bendera yenye nembo na picha zinapigwa. Wiki mbili baadaye mbuzi wanaharisha, wanakohoa, wanakufa mmoja mmoja, na mama aliyepewa bado anadaiwa mtoto wa kwanza wa kumpitishia jirani. Yeye hakununua, kwa hiyo hana wa kumdai. Mlionunua ni ninyi, na ripoti yenu ilishaandikwa. Wajenzi wa shule mnawazuilia sehemu ya malipo mpaka ijulikane kwamba paa halivuji. Mfanyieni hivyo furniseri wa mbuzi. Wanyama wakae wiki tatu mahali pamoja, wachanjwe, waonekane, kabla ya kugawanywa. Na mbuzi akifa kwa ugonjwa ndani ya mwezi wa kwanza, mama afutiwe deni kwa maandishi.

Mashefu wetu, nimewaacha mwisho kwa sababu mzigo wote utawaangukia. Tribinali ilikuwa mbali na ghali hata zamani, na siku hizi watu wengi hawajui tena mlango upi wa kubisha. Wataendelea kuja kwenu, wakae kwenye ubao, wasimulie. Mnachokosa ni karatasi ya kuangalia. Leo mnaamua kwa kupima nani analia zaidi au nani ana ndugu wengi. Mkiwa na daftari la soko na maandishi ya daktari wa mifugo mezani, kesi ya ng'ombe itawachukua nusu saa. Mkiamua, amueni kwa kufuata ile dekreti: bei irudi, au sehemu yake, na zaidi ya bei kwa aliyejua akaficha. Msiongeze mbuzi wa kuwashukuru.

Baadhi yetu wafugaji wa Nyantende tuko tayari kununua daftari la kwanza na karboni zake kwa komite yoyote itakayokubali kuanza. Tunaomba jibu kabla ya mwisho wa Agosti. Mwezi wa tisa wazazi wanauza kwa ajili ya minervali, soko linajaa, kila mtu ana haraka, na wale wenye wanyama wa kuficha wanaujua mwezi huo kuliko sisi.

Kwa heshima,
Mfugaji wa Nyantende